Sahani ya Chumba cha Tisa

Kijiwe chetu kiko kando ya geti la nyumba ya kutunzia wazee: benchi moja, birika langu la kahawa, na maneno mengi. Juzi, saa nane na nusu mchana, nilikuwa na mwenzangu Kinyozi alipotoka jamaa tunayemwita Trei, kwa sababu kazi yake ni kupeleka chakula vyumbani mle ndani. Alikaa bila kuagiza. Uso umemsawijika.

— Yule mzee wa chumba cha tisa, alisema, tumemzika Jumatatu.

— Tunajua. Pole, kaka.

— Jikoni hawajamfuta kwenye orodha. Kila siku saa sita napewa sahani yake, ya kwanza kabisa, ya moto. Ukirudisha, mkubwa wa jikoni anafoka, kwa hiyo naiacha mezani kwake. Saa nane nikirudi, imeliwa!

Kinyozi alicheka.

— Paka huyo.

— Paka gani anafuta kijiko na kukilaza juu ya kitambaa?

— Basi panya msomi.

— Leo kitanda kimebonyea. Nimegusa shuka. Lina joto.

Nywele zilinisimama.

— Labda mzee hajaambiwa kwamba amekufa, nilisema, nikajuta papo hapo.

— Eeh! Kinyozi alidakia. Mle ndani marehemu wote wanakula kwa zamu. Ndiyo maana walio hai wanakonda!

Trei hakucheka.

— Na punje za wali, alinong'ona. Zimetoka mezani mpaka mlango wa bafu. Lile wanalochangia na chumba cha kumi.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa amekaa dada mmoja mgeni, kikapu mapajani, akingoja saa ya kuona wazee.

— Samahani, kaka zangu, alisema. Wa chumba cha kumi ni mama yangu. Yeye mnampelekea chakula saa ngapi?

Trei alilamba midomo.

— Yeye... yuko mwisho wa orodha. Saa tisa hivi. Kinakuwa kimeshapoa.

— Mikono yake inatetemeka. Kula kunamchukua saa nzima. Mnamwachia sahani muda gani?

Saa tisa na robo vyombo vyote hurudi jikoni. Kigari kinavyogongana na kuta, tunakisikia kila siku kutoka hapa hapa kijiweni.

Dada akasimama na kikapu chake, na Trei akaenda kumfungulia geti.