Khamisa Yakub na Filamu ya Punda

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1995, Bi. Khamisa Yakub anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya habari kwa miaka ishirini na tisa. Baadhi ya wanaosoma jarida hili walikuwa bado wanabebwa mgongoni alipoajiriwa mjini Kitui kama karani wa kupiga chapa.

Khamisa ni mzaliwa wa Kitui mjini. Babu yake alitoka pwani, akafungua duka la nguo, akasahau kurudi. Nyumbani kwao walizungumza Kiswahili na dukani Kikamba, naye akakua hajui kipi ni cha kwanza. Mwaka huohuo alioajiriwa, mtangazaji wa gari la sinema aliugua siku ya onyesho la Mwingi. Msimamizi wetu wa wakati huo, Bwana Kilonzo, akauliza ni nani angeweza kuwaeleza watu kwa Kikamba yale ambayo filamu inasema kwa Kiingereza. Khamisa alifunika taipureta yake, akajitanda shela, akapanda Landrova. Hakurudi kwenye taipureta.

Alisimama kando ya skrini, maikrofoni mkononi. Daktari wa kwenye filamu angezungumza kwa muda mrefu kuhusu mbu, Khamisa angeyamaliza yote kwa sentensi tatu, kisha aongeze ya kwake: "Na wewe uliyesimama pale nyuma, hata kwako kuna mkebe wenye maji." Umati mzima ungegeuka kumtafuta huyo mwenye mkebe. Asubuhi yake, nyumba nyingi zilikuwa zinamwaga maji.

Mwaka 1978 alifanyiwa upasuaji wa uvimbe shingoni. Alitoka hospitali akiwa mzima, lakini bila sauti. Alichoweza ni kunong'ona tu, na daktari hakumwahidi kwamba sauti ingerudi. Ofisini ikaamuliwa ahamishiwe masjala. Mimi nilikuwa dereva wake, nami ndiye niliyetumwa kumpelekea habari hiyo nyumbani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaninong'oneza, "Nzioka, waambie wanipe onyesho la Migwani. Mara moja tu."

Katika stoo yetu palikuwa na filamu ya zamani isiyo na rangi wala sauti, iliyokuwa pale kabla yetu sote. Inaonyesha mzee anayejaribu kumvusha punda daraja dogo. Hakuna zaidi ya hayo. Haikuwa ikionyeshwa kwa sababu haikufundisha kilimo wala afya. Hiyo ndiyo aliyoichagua Khamisa.

Migwani walimjua, na giza lilipoingia sokoni wakasubiri sauti yake. Mzee akatokea kwenye skrini akivuta kamba. Punda akakataa. Watu wakamtazama Khamisa. Khamisa akawatazama wao, mikono imefumbatwa. Nilitamani kuzima jenereta nimwondolee aibu. Ndipo mama mmoja, Syokau, muuza vyungu, akasema kutoka pale alipoketi, "Huyo punda hajapewa maji tangu asubuhi. Mimi pia nisingeenda."

Mwanamume mmoja akamjibu kwamba punda alipewa maji, ila mzee ana mdomo mchafu. Mwingine akaanza kusema kwa niaba ya punda. Kabla mzee hajafika katikati ya daraja, soko zima lilikuwa linatangaza filamu, kila mtu na upande wake. Khamisa alikuwa anacheka bila sauti, machozi yakimtiririka. Sijui kama yote yalikuwa ya kicheko.

Habari za masjala hazikutajwa tena. Sauti yake ilirudi mwaka uliofuata, nzito na yenye mikwaruzo, na kuna wanaoapa kwamba hii ndiyo nzuri zaidi. Hata hivyo, kwenye filamu ya punda hakuwahi kusema neno. Aliwaachia wenyewe.

Wakati wa ukame wa 1984 tulifika Mwingi watu wakiwa wanangoja mahindi ya msaada. Pasta Muthama alitusimamisha. "Mama Khamisa, watu wana njaa, nanyi mnawaletea punda?"

"Pasta, mahindi yanakuja kesho," akamjibu. "Jioni hii watakaa wakitazamana tu. Ukiniambia nirudi, nitarudi."

Pasta alifikiri, akaomba kwanza, kisha akaketi. Punda alipomkalia mzee kofia, pasta alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu.

Tangu hapo tumepata filamu za rangi, na sasa kuna video madukani. Nyingi za zile filamu mpya zimepitwa na wakati. Watu wanacheka tu suruali za kizamani zilizomo. Ile ya kuchimba matuta ya shambani bado inafaa, na ya punda ndiyo kabisa. Mwaka jana, Mbumbuni, vijana waliozoea video za mapigano walikuja kuikejeli wakabaki hadi mwisho, wakibishana nani ana makosa. Nilimuuliza Khamisa siri yake ni nini. "Aliyeipiga hakuwa na haraka," akasema. "Alimtazama yule mzee mpaka ukamjua. Mtu ukishamjua, hachakai."

Tunamshukuru kwa subira yake njiani, kwa chai ya tangawizi aliyotugawia Landrova ilipokwama mchangani, na kwa kuwafunza watangazaji watatu, wakiwemo Kasyoka na Ndolo wanaochukua nafasi yake.

Juzi aliniambia jambo ambalo sikuwa nimeliwaza. Kwa miaka yote hiyo amezitazama filamu kutoka ubavuni, zikiwa zimepindika, macho yake yakiwa kwa watu. Hajawahi kuona hata moja akiwa ameketi mbele.

Ijumaa, Mama Khamisa, kiti cha katikati katika safu ya kwanza ni chako. Ndolo atashika projekta, atuonyeshe ile ya punda, na maikrofoni hatutaileta. Mungu akupe afya na miaka mingi ya raha. Keti, utazame.

Nzioka Mbuvi, dereva