Milango Miwili ya Mfereji

Bismillahi. Mbeyu mke wangu, niinue kidogo, niwekee mto mgongoni, kisha nawe ukae. Chirau mwanangu, njoo huku kuliani. Na wewe Boga, mtoto wa dada yangu, kaa kushotoni, karibu, usisimame mlangoni kama mpita njia. Leo nasema mimi, nanyi mtanisikiliza mpaka nimalize, kwa sababu pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kusema jambo mara mbili.

Mfereji huu wa shamba la miwa nimeulinda tangu kabla ya vita vya Hitila. Tishari hushuka na miwa kwenda kiwandani, na hapa kwetu maji ya juu na maji ya chini hayalingani, ndipo likajengwa lile birika lenye milango miwili ya chuma, ya kuinuliwa na kushushwa kwa minyororo. Tishari huingia, mlango wa juu hufungwa, kisha wa chini hufunguliwa taratibu mpaka maji yashuke na chombo nacho kishuke. Kamwe isifunguliwe yote miwili pamoja. Na kwa kuwa aliye juu hamwoni aliye chini, niliwafundisha kuitana. “Boga ee, juu nimefunga!” Naye aitikie, “Nimesikia, nafungua chini!” Asiyeitwa hagusi mnyororo.

Lakini nilipoanza kuugua mkaanza kunirithi ningali hai. Wewe Boga ukasema kwa mila yetu Wadigo mali ya mjomba ni ya mpwa. Wewe Chirau ukasema sisi ni Waislamu, mali ya baba ni ya mwana. Mkanuniana hata salamu zikakatika, mkawa mnafanya kazi kwa kukisia, kila mmoja anatega sikio mnyororo wa mwenzake ulie. Siku ile, Boga, uliusikia ukilia, ukadhani mwenzako anafunga, kumbe anainua zaidi, kwani tishari ilikuwa haijaingia yote. Ukafungua. Maji ya juu yakaja kwa pamoja, na binti yangu Kadzo alikuwa amekaa juu ya miwa, anakwenda kumjulia hali shangazi yake.

Sikulia. Watu walinisifu, wakasema mzee ana subira. Si subira, wanangu, nimekufa ganzi. Wali naula hauna ladha, jina la mwanangu nalitaja kama jina la mtu wa mji mwingine. Hata hasira juu yenu nimeitafuta, sikuiona.

Basi shikeni wosia wangu. Nyumba na minazi, theluthi moja namwusia Boga, ndivyo sheria inavyoniruhusu kumpa asiye mrithi, na mila nayo nimeiheshimu. Inayobaki ni ya Chirau na mama yake, kadhi awagawie. Asiyeridhika aje anieleze kaburini.

Nikifa, nikosheni, nikafinini, niswalieni hapa hapa. Lori la kiwanda mlikatae. Nitapita mferejini, juu ya tishari tupu, nikazikwe kule chini ubavuni pa Kadzo. Chirau atashika mlango wa juu, Boga wa chini, na mtu mwingine asiiguse minyororo hiyo. Mkiitana, nitashuka salama. Mkinyamaziana, nitakaa birikani katikati yenu, jua linanipiga ndani ya sanda, Mbeyu ananitazama, mpaka mmoja wenu afunue kinywa.

Maji kidogo, Mbeyu... Inatosha.

Radhi zangu mnazo nyote wawili, sikumzuilia yeyote. Mwenyezi Mungu awape umri, na watoto, na... awape kusikizana. Nipeni mikono yenu. Huu wa nani? Haya, si kitu.

Sasa iteni, nisikie kabla sijaenda. Chirau, wa juu ndiye anayeanza. Ita, baba. Boga, mwenzako akikuita, itikia...

Mbona kimya? Au wameshaitana, Mbeyu, ni mimi nisiyesikia?