Bado Nipo: Maisha ya Paskazia Nestory Chenge, Mkaguzi wa Nyama ya Swala wa Namasabo

Ndugu waombolezaji, familia inawashukuru nyote mliovuka maji kuja kisiwani Namasabo leo, Ijumaa tarehe 12 Septemba 2025. Tunajua baadhi yenu mmekuja na swali ambalo hamjaliuliza kwa sauti: je, nyama ya swala ndiyo iliyomuua? Marehemu alilijua swali hilo kabla hajafumba macho, na lilimsumbua kuliko maumivu. Kwa hiyo tutaeleza maisha yake tangu mwanzo, na jibu mtalipata kabla hatujamshusha kaburini.

Paskazia alizaliwa tarehe 3 Aprili 1965 hapa hapa Namasabo. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Nestory Chenge, mkulima wa mihogo aliyehamia kutoka Magu, na Mama Sabina, Mkerewe. Katika nyumba ile baba aliongea Kisukuma, mama Kikerewe, na walipogombana walihamia kwenye Kiswahili ili majirani waelewe nani ana haki. Paskazia alikuwa mtoto wa wasiwasi. Akipewa samaki awapare, hakuridhika mpaka awapasue na kuangalia walikuwa wamekula nini, huku ugali unapoa. Mama yake alimwita kutoka jikoni: "Paska, tunapika au tunafanya mtihani?"

Alisoma shule ya msingi ya hapa kisiwani kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, akaendelea na sekondari jijini Mwanza, kisha akajiunga na chuo cha mifugo Mpwapwa, ambako alipata cheti mwaka 1986. Alirudi na koti jeupe ambalo alilifua mwenyewe maisha yake yote. Hakumwachia mtu mwingine, kwa sababu hakuna aliyelisugua vya kutosha.

Mwezi Januari 1987 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika machinjio jijini Mwanza, akapanga chumba Nyakato. Huko ndiko alikokutana na Elias Ngosha, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyekuja kutengeneza reli za kutundikia nyama na akachelewa kumaliza kazi kwa sababu zinazojulikana. Ng'ombe wa mahari walipofika nyumbani, wazee wakiwa wamekwisha kaa na pombe imekwisha miminwa kwenye vibuyu, Paskazia alitoka ndani, akawazunguka wale ng'ombe, akasimama mbele ya mmoja na kusema, "Huyu anakohoa. Arudi." Baba mkubwa alimwambia kwamba bibi harusi hakagui mahari yake mwenyewe. Akajibu, "Shikamoo baba, lakini huyu anakohoa." Harusi ilisogezwa mbele mpaka Elias alipompata ng'ombe mwingine. Walifunga ndoa tarehe 15 Septemba 1990. Mzee Elias husema hadi leo kwamba yeye mwenyewe alipitishwa bila kupigwa muhuri. Mungu aliwajalia watoto watatu: Hellen, Yeremia na Selina.

Mwaka 2020 Paskazia alistaafu kwa hiari, akarudi Namasabo na mumewe. Alikikuta kisiwa kimeharibika. Wengi wenu mnakumbuka. Swala waliletwa hapa na serikali kabla hajazaliwa, wachache tu, kwa boti. Simba hayupo, chui hayupo, na swala wakazaana mpaka wakaumaliza msitu. Walikula magome ya miti, wakashuka mashambani na kula mihogo. Kiangazi walikutwa wamekufa kando ya maji, mbavu nje. Watu nao walitega waya kwa siri, wakala kwa siri, na waliokamatwa walifungwa. Nyama ile hakuna aliyeikagua. Hilo ndilo lililomnyima Paskazia usingizi. Aliwahi kuona kwa macho yake boma lililokula mzoga wenye kimeta, ugonjwa unaoua mifugo na walaji, huko Magu, na hakupenda kulizungumzia.

Mdogo wake, anayewasomea haya, aliwahi kumpigia simu kutoka nchi ya baridi na kumweleza kwamba kule kulungu wamezidi misituni, wanawindwa kwa utaratibu, na nyama inapelekwa kwenye majiko ya wasiojiweza. Paskazia hakuuliza kulungu wana ukubwa gani wala nchi yenyewe ikoje. Aliuliza, "Nani anaikagua?"

Mwaka 2021, bucha za nyamapori zilipokuwa zimeruhusiwa, kijiji kilipata kibali. Askari wa wanyamapori wawavune swala kwa kiasi, nyama iuzwe hapa kwa bei ya mwananchi, fungu la kwanza liende shuleni na zahanati, na ziada ivuke kwenda bucha ya Igoma, jijini Mwanza. Paskazia alikubali kuikagua kwa sharti moja: kisiwa kizima kile kutoka chungu kimoja, Wakristo na Waislamu. Ndiyo maana Mzee Mbaruku Abubakary alipanda gari la askari tangu safari ya kwanza, kisu mkononi, akikimbilia kila swala aliyepigwa ili amchinje kabla hajakata roho. Askari walimtania kwamba ana mbio kuliko swala. Hakuna Mwislamu wa Namasabo aliyelazimika kuuliza.

Lakini siku bucha ilipofunguliwa, hakuna aliyenunua. Watu walisimama nje wamekunja mikono. Mama Mwanvua, ambaye sote tunamjua kwa samaki wake wa kukaanga pale mwaloni, ndiye aliyesema kilichokuwa mioyoni mwa wengi.

"Mama Hellen, kama ni nzuri, kula wewe kwanza. Sisi tuna haraka gani?"

Watu wakacheka. Paskazia hakucheka. Aliazima jiko la Mwanvua mwenyewe, akachoma kipande cha ini mbele ya wote, akakila, akavuta benchi na kukaa mlangoni mwa bucha na koti lake jeupe. Alikaa hapo mpaka jua likageuka. Mwanvua alipita na beseni lake, akarudi, akapita tena.

"Mama Hellen, bado upo?"

"Bado nipo."

"Basi nipimie nusu kilo. Na isiwe mifupa."

Tangu siku hiyo ikawa desturi yetu. Kila mavuno mapya, Paskazia alionja kwanza mbele ya watu, Mwanvua akauliza, Paskazia akajibu, ndipo mizani ikaanza kufanya kazi. Hata bucha ya Igoma ilisubiri simu. Kilichofuata wageni hawakukiona: jioni ya kila mauzo alipiga simu nyumba hadi nyumba kuuliza kama kuna anayeumwa tumbo. Mzee Mbaruku alimwambia siku moja, "Mwanangu, tumbo langu sasa limekuwa lako. Niachie hata usiku." Mihogo ilianza kukomaa shambani. Miti michanga ikaonekana upande wa mashariki. Watoto wa shule walikula nyama, na waya zikatoweka porini.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa, na hapa tunaomba msikilize vizuri.

Mwezi Machi 2023 Paskazia alivimba miguu, akapelekwa hospitali jijini Mwanza. Madaktari waligundua kwamba presha aliyokuwa nayo kwa miaka mingi ilikuwa imeharibu figo zote mbili. Presha hiyo alikuwa nayo tangu alipokuwa machinjioni, miaka mingi kabla ya bucha ya swala. Alipewa dawa na masharti ya chakula: apunguze chumvi, na nyama aiache, iwe ya ng'ombe, mbuzi au swala, kwa sababu figo zake hazikuweza tena kuimudu. Nyama ile ile haikuwa na madhara kwa mtu mwenye afya njema.

Alimweleza mumewe na Hellen peke yao, na akawakataza kusema. Mzee Elias alimsihi awaambie watu. Akamjibu, "Nikiacha kuonja, wataacha kula. Wakiacha kula, watatega. Wakitega, watakula kisichokaguliwa." Kwa hiyo aliendelea kuonja. Alitia ini mdomoni, akalitafuna mbele yenu, kisha akageuka na kulitema kwenye leso. Ini lililobaki alilibeba nyumbani, na jioni hiyo hiyo Mzee Elias na Hellen walilila. Hawakuruka mavuno hata mara moja, na wote wawili wamesimama hapa mbele yenu. Familia haisemi alifanya vema kuficha. Tunasema alificha kwa hofu ya kuwapoteza ninyi.

Mwezi Juni mwaka huu Mama Mwanvua alizunguka nyuma ya bucha kuchukua jiko lake, akamwona akitema. Alimwambia mtu mmoja tu. Boti ya jioni ilipofika mjini, habari ilikuwa imefika Igoma kabla ya abiria: mkaguzi mwenyewe anatema. Paskazia aliomba mkutano wa kijiji ili aeleze kwa kinywa chake, lakini kabla ya siku yenyewe alizidiwa. Kuanzia Julai alikuwa akisafishwa damu hospitalini. Bucha zote mbili zilikosa wateja. Kitandani hakuuliza habari za figo zake. Aliuliza kama waya zimeonekana tena. Hellen alimdanganya kwamba hazijaonekana. Zimeonekana. Wiki iliyopita askari walitoa waya upande wa mashariki, kwenye ile miti michanga.

Paskazia alifariki dunia Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, kwa ugonjwa wa figo. Neno lake la mwisho kwa Hellen lilikuwa, "Mwaliko wa mkutano umetoka?"

Mama Mwanvua ametuomba sisi tumtaje kwa jina. Alikuja siku ya kwanza ya msiba, akakaa chini mbele ya Mzee Elias na kusema, "Shemeji, niliona kwa macho yangu, lakini sikujua nilichokiona." Mzee Elias alimjibu, "Shemeji, na mimi niliishi naye miaka thelathini na mitano, nikiona hivyo hivyo bila kujua ninachokiona." Tangu hapo jiko la msiba liko mikononi mwa Mama Mwanvua.

Kibali cha mwaka huu kinaisha mwisho wa mwezi huu, na swala wameshaanza tena kushuka kwenye mihogo. Huu ndio mkutano ambao Paskazia aliuomba, ingawa umefika akiwa amelala. Baada ya mazishi, chakula kitakachopakuliwa ni ugali na nyama ya swala wa mavuno ya jana, waliochinjwa na Mzee Mbaruku na kupigwa muhuri na Hellen, ambaye alimaliza chuo cha mama yake mwaka 2022. Maharage pia yapo, na hakuna atakayetazamwa kwa kuyachagua. Hellen ataonja mbele yenu, na atameza. Kisha atakaa kwenye benchi lile lile. Mama Mwanvua amesema safari hii hatauliza. Atakula naye sahani moja. Ninyi wengine mtaamua wenyewe. Hatujui mtaamuaje, na hatutawaficha kwamba tangu jana hatujatulia.

Marehemu ameacha mume, Mzee Elias Ngosha, watoto watatu, Hellen, Yeremia na Selina, wajukuu wanne, mdogo wake mmoja asiyetulia mahali, na kisiwa kizima cha matumbo aliyoyafanya yake.

Bwana ametoa, Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe. Paskazia, dada yetu, mama yetu: jioni ya leo simu tutazipiga sisi, nyumba hadi nyumba. Wewe pumzika kwa amani, na kwa mara ya kwanza, bila wasiwasi.