Ufunguo wa Bwana Wiebo, Kanisa la Tatu

Salamu kwanza. Salamu kwa Bwana Wiebo Dijkema, kwa mkewe Hilje na magoti yake yanayouma, kwa binti yao Reina aliyefika jana kutoka Assen, na kwa paka wao anayelala kwenye kikapu cha baiskeli. Sisi wa Njia ya Makanisa Saba, njia ya waendesha baiskeli, tu wazima, tunasumbuliwa na upepo tu.

Bwana Wiebo anastaafu tarehe 31 Agosti, baada ya kutunza ufunguo wa kanisa letu, la tatu njiani, kwa miaka thelathini na minne. Utaiona kazi ndogo: ufunguo ulining'inia jikoni kwake, mwendesha baiskeli anabisha, anapewa, anakwenda kutazama kanisa, anarudisha. Lakini abishaye hasemi atakuja saa ngapi. Kwa hiyo kila mwaka, tangu Pasaka hadi Oktoba, Bwana Wiebo hakutoka nyumbani. Aliziba pancha uani, akanywa supu yake ya haradali amesimama, sikio mlangoni.

Siku moja Mjerumani mmoja aliondoka na ufunguo mfukoni. Aafke, anayetunza kanisa la nne, akapiga simu: "Wiebo, mtoto wako yuko kwangu, mzito kama nyundo."

"Mpe chai, umrudishe na atakayepita. Mimi sitoki, mtu akibisha je?"

Ufunguo ukarudi jioni ndani ya soksi ya bibi mmoja mpita njia, pamoja na mayai sita.

Ndivyo alivyoyajua makanisa mengine, kwa midomo ya wapitao. Ukikaa uani kwake atakueleza samaki waliochorwa darini mwa kanisa la Aafke, jinsi wanavyoogelea jua likipita dirishani. Atakueleza kanisa la sita, ambalo matofali yake asubuhi huwa ya waridi, na ukungu ukilala mashambani utadhani linaelea. Ungeapa ametoka huko sasa hivi. Mimi niliamini miaka kumi, mpaka nilipomwuliza aliipita lini njia hiyo kwa baiskeli.

"Bado, Trientje," akasema, akijaza upepo gurudumu la mtu. "Baridi kumefungwa, na kiangazi nina ufunguo."

Neno hilo lilinikaa kifuani. Alitaka kustaafu tangu mwaka juzi, hakupatikana mrithi, na kanisa lisilo na mwenye ufunguo huondolewa njiani. Mimi ni mfagiaji wa kanisa tu, niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitatu nikakamue ng'ombe. Nikamwambia, wageni wakiniuliza mambo ya miaka mia nane iliyopita nitasema nini?

"Sema hujui, kisha wape kiti. Wengi wamechoka tu."

Watu waliochoka nawajua, nimelea watoto watano. Ufunguo sasa unaning'inia kwangu, kando ya makoti yao.

Asante, Bwana Wiebo, kwa viangazi thelathini na vinne ulivyokaa ili wengine wapite. Vilivyobaki viwe vyako, wewe na Hilje. Siku utakayotoka kuipita njia yote, wenye funguo wote tutakuwa nyumbani, hakuna atakayekwenda hata dukani. Aafke anasema jua hufika kwa samaki saa nne. Vaa sweta, na uiogope mitaro ya kando ya njia. Ukifika kwangu, bisha kama mgeni.

Tuletee habari upesi ni siku gani, maana nimeshaanza kusikiliza mlango.