Sekunde Thelathini za Ovidio Cravero

Ndugu, jamaa, majirani, watu wa Ford mliokaa upande huu na watu wa Chevrolet mliokaa upande ule, kama siku za mbio za magari, familia inawaomba mtulie isomwe historia ya marehemu Ovidio Santos Cravero, iliyotayarishwa kwa maelekezo yake mwenyewe na kutiwa saini kila ukurasa na mashahidi watatu, mmoja wa Ford, mmoja wa Chevrolet, na wa tatu padre wetu, ambaye marehemu alimchunguza miezi miwili kabla ya kumkubali. Inasomwa na mpwa wake, Graciela Peretti, aliyeteuliwa kwa sababu hajawahi kuhudhuria mbio hata moja na hana leseni ya udereva.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 9 Machi 1941, katika shamba la wazazi wake nje kidogo ya Colonia Garibotti, mkoa wa Santa Fe, akiwa mtoto wa nne kati ya sita, lakini cheti chake kinasema tarehe 11, kwa kuwa karani wa vizazi alikuwa amekwenda kutazama mbio za barabarani na hakurudi ofisini hadi Jumanne. Familia inazitaja tarehe zote mbili, maana tunawajua waliomo humu.

Alipata elimu ya msingi hapahapa mjini kuanzia 1948 hadi 1954, ambako walimu walimsifu kwa hesabu na wanafunzi wenzake walimshuku kwa kila kitu kingine, kisha tarehe 2 Februari 1959 aliajiriwa na chama cha ushirika kama mpimaji wa mizani ya malori ya nafaka, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na miwili. Wakulima waliokuja na ngano yao walikuwa wakishuka kwenye lori, wakizunguka mizani, wakiinama kutazama chini yake, ndipo wanamsalimia, naye aliwasubiri wamalize, akawaitikia salamu bila kinyongo.

Tarehe 18 Novemba 1967 alifunga ndoa na Nélida Boetto, mjane tuliye naye hapa, binti wa ukoo ambao haujawahi kupanda gari lisilo Ford, wakati kaka za marehemu ni watu wa Chevrolet hadi kwenye kalenda za jikoni. Walijaliwa watoto wawili, Mirta, aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1969, na Darío, aliyezaliwa tarehe 21 Januari 1972.

Ndoa hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye kiti cha mwamuzi mkuu wa mbio za magari za wilaya, tarehe 12 Aprili 1981, baada ya wajumbe wa Halmashauri ya Mbio kubishana tangu asubuhi na kugundua kwamba huyu peke yake ndiye anayeshukiwa na pande zote mbili kwa kiasi sawa. Tangu siku hiyo alikwenda uwanjani kwa baiskeli, ili asije mtu akasema amekuja na gari la fulani, nao wakaanza kuulizana ni nani aliyemuuzia baiskeli. Hakula nyama ya kuchoma ya timu yoyote, alibeba mkate na soseji zake mfukoni, na mate, chai yetu ya mrija inayozungushwa mkono kwa mkono, ambayo kuikataa hapa kwetu ni kama kumtemea mtu mate usoni, aliinywa peke yake, nyuma ya kibanda cha waamuzi, kama mwizi.

Darío alipoanza kushindana, mwaka 1993, marehemu aliandika barua ya kujiuzulu, na Halmashauri ya Mbio ikamjibu kwamba kujiuzulu kwake kungewafanya watu wajiulize alikuwa akificha nini kabla ya hapo, kwa hiyo ombi limekataliwa. Akabaki.

Sasa tunafika mahali ambapo wengi wenu mlikuwa mnapangojea. Tarehe 9 Juni 1996, kwenye kona ya ghala la nafaka, Bwana Chiche Barale, mwenye bucha, aliligusa kwa nyuma gari la dereva mmoja kutoka mji jirani, likazunguka likatoka nje, Barale akashinda, na marehemu akamwongezea sekunde tano, ambazo hazikumwondoa nafasi ya kwanza. Tarehe 24 Novemba mwaka huohuo, katika mbio za mwisho, zilizokuwa za kuamua ubingwa, Darío alimgusa Barale kwenye kona ileile, kwa namna ileile, akatangulia kufika, na marehemu akampa mwanawe sekunde thelathini. Darío akatoka nafasi ya kwanza hadi ya sita, na Barale akawa bingwa kwa tofauti ya alama mbili.

Darío aliingia kibandani helmeti ikiwa bado mkononi.

"Mzee, Juni ulimpa Chiche tano. Kona hiyohiyo, kosa hilohilo."

"Ile ilikuwa Juni."

"Kwa hiyo sheria nayo ina msimu, kama ngano?"

Marehemu alitia saini karatasi na kuomba muhuri, na nyumbani mkewe alimwekea supu mezani na kumwambia jambo ambalo ameruhusu lisomwe leo: "Sikukuomba umpendelee, Ovidio. Ungemwadhibu tu kama mtoto wa watu."

Kama alidhani sekunde thelathini zingemsafisha, alijidanganya. Wiki ileile watu wa Chevrolet walisema amempa mwanawe thelathini kwa sababu alistahili kufukuzwa kabisa, na watu wa Ford wakasema baba hawezi kumfanyia mwanawe vile bila kuwa na lake jambo, na kwenye baa ya klabu palikuwa na mzee mmoja, ambaye hatutamtaja maana amekaa safu ya pili, aliyedai kwamba baba na mwana walikuwa wamepanga mchezo mzima. Darío aliuza gari lake la mbio, akahamia Rafaela kufanya kazi ya ufundi, na kwa miaka ishirini na mitatu alikuja Krismasi tu, akizungumza na baba yake habari za mvua. Marehemu aliendelea kuamua mbio hadi 2009, na katika kipindi chote hicho, kumbukumbu zinaonyesha, kila aliyemgusa mwenzake kwenye kona ile alipewa sekunde tano.

Mnamo Februari 2019 alianza kukosa pumzi, na daktari akagundua kwamba mapafu yamechoka kwa vumbi la nafaka. Alipolazwa nyumbani alimtuma Mirta akaazime kwa jirani kanda za mbio zile mbili, akazitazama kitandani miezi miwili na saa ya kuhesabia sekunde mkononi, na tarehe 6 Mei akaiandikia Halmashauri kuomba irekebishe uamuzi wake wa 1996. Halmashauri ilijibu tarehe 23 Julai, kwa karatasi nzuri yenye nembo, kwamba rufaa hupokelewa ndani ya saa arobaini na nane, kwa fomu husika, kutoka kwa mshindani mwenyewe, na ikamuuliza mwombaji aeleze kama ana undugu wowote na mshindani huyo, kwani jambo hilo lingetia shaka.

Ndipo alipoamua kwamba uamuzi wake utasomwa siku ya mazishi yake, mbele ya watu wote, mahali ambapo Halmashauri haina fomu. Lakini hakutaka kumvizia mtu, hivyo Jumamosi tarehe 14 Septemba alimwita Bwana Barale, ambaye alifika, akakataa kukaa.

"Don Ovidio, umeniita uninyang'anye kombe ukiwa na shuka hadi kidevuni?"

"Nimekuita nikuulize. Juni, ulimgusa yule au hukumgusa?"

"Nilimgusa."

"Na Darío?"

"Alinigusa. Vilevile tu."

"Basi niliamua vibaya."

"Ipi? Ya Juni au ya Novemba?" aliuliza Barale, akaona mwenyewe swali linakokwenda, akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu: wote wangepewa tano, Darío ni bingwa, na wote wangepewa thelathini, yeye angeupoteza ushindi wa Juni, Darío ni bingwa vilevile. Hapo akakaa. "Mbona unaniambia leo? Kwa nini si miaka yote hiyo?"

"Kwa sababu miaka yote hiyo niliogopa watasema nampendelea."

"Watasema hata leo."

"Waseme. Sitakuwepo."

Darío alifika siku sita baadaye, naye, kwa vile ni Cravero, alianza kwa kushuku. "Nani kamwandikia haya?" alimuuliza dada yake mlangoni, alipokabidhiwa kurasa za uamuzi. "Wewe?" Mirta akamjibu, "Mimi hata kalamu sikumpa, muulize padre." Akasoma kurasa zote akiwa amesimama, akazirudisha, akavua koti, na hakurudi tena Rafaela.

Uamuzi wenyewe, kama ulivyoandikwa, ni huu: adhabu ya sekunde thelathini ya tarehe 24 Novemba 1996 ilitolewa kwa woga, si kwa sheria, imefutwa, na mahali pake pamewekwa sekunde tano. Bingwa wa mwaka huo ni Darío Cravero. Kombe libaki buchani kwa Bwana Barale, aliyeendesha vizuri na hakuomba kupendelewa, na asitokee mtu wa kwenda kulidai.

Marehemu alifariki jana, Jumapili tarehe 3 Novemba 2019, saa nane na dakika kumi mchana, akiwa na miaka sabini na minane, miezi saba na siku ishirini na tano, au ishirini na tatu kwa wanaofuata cheti. Muda mfupi kabla alimuuliza Darío, aliyekuwa akimnyoa ndevu, "Tano ni haki?"

"Tano ni haki, mzee," alisema Darío. "Ungenipa tano siku ile, ningekasirika vilevile. Ila ningerudi Jumapili kula."

Familia inamshukuru Daktari Fumero na wauguzi wa hospitali ya wilaya, majirani walioleta vyakula kutoka pande zote mbili kwa kiasi ambacho hatukuthubutu kulinganisha, wafanyakazi wenzake wa ushirika, na waamuzi wote waliosimama naye kwenye jua na matusi. Jeneza litabebwa mbele na Darío na Bwana Barale, aliyekuja leo asubuhi kuomba nafasi hiyo mwenyewe. Watatoka pamoja, bega kwa bega, na waombolezaji wanaombwa wasitazame ni mguu wa nani uliotangulia mlangoni.

Pumzika sasa, Ovidio, na amani iwe yako.