Maua Thelathini na Moja, Yote Madume

Benchi la pale kona lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matofali, limeegemea uzio wa waya wa Mama Birika, na juu ya uzio ule ulitambaa mmea wa maboga uliowapa wanaume watatu kivuli cha bure kwa miezi miwili. Mama Birika aliuza kahawa hapo kila asubuhi, akishawasukuma watoto shule na kuanika nguo. Wateja wake wa kudumu walikuwa Kinyozi, ambaye kibanda chake kilitazamana na benchi ili asikose neno. Fundi Viatu, aliyeshona soli akiwa amekaa hapo hapo. Na Redio, karani mstaafu, aliyeitwa hivyo kwa sababu kila alichokisikia kwenye taarifa ya habari alikirusha upya asubuhi, na nyongeza zake.

Siku hiyo joto liliamka kabla ya watu. Mama Birika hakuwa na nafasi ya kulijadili. Kilichomkera ni mmea. Mbegu yake alipewa na mama mkwe: boga la ganda la kijivu, gumu, linalokaa jikoni miezi sita bila kuoza, na kila msimu alitoa mbegu kwenye boga la msimu uliopita. Mwaka huu mvua ilichelewa, mbegu za kwanza zikaungulia ardhini. Akapanda zilizobaki, zote, ukaota mmea mmoja tu. Usipozaa, basi mbegu hiyo imekwisha, na hakumjua mtu mwingine mwenye nayo. Nao ulitoa maua kila kukicha, ya njano, makubwa kama vikombe, yote madume. Hakuna hata moja lililokuwa na kiboga kidogo nyuma yake.

— Ni hili joto, alisema Redio. Dunia imepata homa.

Akaeleza aliyoyasikia. Mbayuwayu wanahama kabla ya wakati wao. Mbu wanapanda milima ambayo zamani iliwashinda kwa baridi. Samaki wanayakimbia maji yao kwa kuwa yamekuwa kama ya kuogea. Na kasa, yule wa baharini, hufukia mayai mchangani, na mchanga ukizidi moto yote yanatoa majike. Ufuko mzima majike matupu.

Kinyozi alishusha kikombe. Akasema basi jambo liko wazi: joto limegawa mali, majike limepeleka baharini, madume limeleta nchi kavu. Na watu ndio wanaofuata. Yeye mwenyewe, mwezi mzima huu, hakupata mteja hata mmoja mwanamke.

— Wewe shemeji, alisema Mama Birika, unanyoa ndevu.

— Ndivyo mambo haya yanavyoanza, alijibu Kinyozi.

Redio akaona nadharia yake imeporwa, akaongeza kwamba sasa kasa watalazimika kupanda nchi kavu kutafuta waume, na wakifika hapa kona watakuta maboga. Walibishana kidogo kuhusu mtoto atakayetokea, kama atakuwa na ganda moja au mawili.

Fundi Viatu alikuwa na msumari mdomoni muda wote. Alipoutoa, alisema wenzake wanazunguka mbuyu. Mmea una madume mengi mno, ndiyo shida. Yanakunywa maji, yanakaa tu, hayazalishi kitu. Yaondolewe yote na mmea wenyewe utaona aibu, utatoa majike.

Mama Birika aliwatazama wale watatu waliokaa kwenye kivuli, vikombe mkononi, akaona hoja ina uzito. Moyoni alikuwa na maelezo yake, ambayo hakuyasema kwa sababu birika lilikuwa linachemka. Ua dume ni rahisi: linafunguka, linanyauka, limemaliza. Ua jike ni mimba. Na mmea uliobanwa na jua, wenye kiu, ungekuwa mwendawazimu kubeba mimba wakati huu. Umeahirisha. Yeye mwenyewe aliwahi kuahirisha.

Lakini alikuwa amechoka, na hawa walikuwa wamejitolea kufanya kazi, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Akawaambia haya, chumeni.

Walichuma kwa bidii ya watu wasiozoea. Walihesabu kwa sauti, thelathini na moja, kisha Fundi akaamuru hata vichanga ambavyo havijafunguka visiachwe, vitaleta ukaidi. Rundo wakalitupa barabarani, na mbuzi wa jirani akalifikia kabla halijatulia chini.

Ndipo akaja mkunga. Alikuwa amehamia zahanati ya mtaa wiki ile, anatoka zamu, macho mekundu, akaomba kahawa bila sukari na nafasi ya kukaa. Kinyozi akajisogeza. Mkunga akainama kuweka mfuko wake nyuma ya benchi, kati ya matofali, akabaki ameinama.

— Hongera, alisema. Huku chini yupo mmoja.

Mama Birika alivuta ubao, wanaume wakiwa bado juu yake. Chini, mahali walipokuwa wakiegesha visigino, chini ya jani pana, lilikuwa limefunguka ua, na nyuma yake kiboga cha kijivu, kidogo kama jicho la mbuzi.

— Limefunguka asubuhi hii, alisema mkunga. Kwetu nyumbani walilima haya. Kabla ya saa tano litajifunga, halifunguki tena. Baba yuko wapi?

Fundi alimtazama Kinyozi. Kinyozi alimtazama Redio. Redio, ambaye hakuwahi kukosa taarifa, alimtazama mbuzi, naye mbuzi alikuwa anatafuna la mwisho.

— Simameni, alisema Mama Birika.

Walisimama.

— Wewe, nyuma ya msikiti. Wewe, kwa mama wa gereji. Mzee wangu, wewe zahanati, kuna uzio pale. Ua dume la boga, bichi. Asiyepata asirudi hapa kunywa.

Wakaenda, wanatembea haraka kwa namna ya watu wanaoona haya kukimbia. Kinyozi alisikika akigonga geti na kueleza, kwa heshima zote, kwamba ametumwa kutafuta mume.

Benchi likabaki tupu. Mama Birika aliliangalia, kisha akakaa. Miaka minne alikuwa akiuza hapo, hakujua ubao ulikuwa umelegea katikati na kwamba mtu akikaa pale mgongo unapumzika. Alimmiminia mkunga, akajimiminia na yeye, wakazungumza habari za miguu kuvimba.

Redio ndiye aliyerudi wa kwanza, jasho tele, ua limefungwa ndani ya gazeti kama dawa. Mama Birika alilichana majani yake ya njano, akabakiza kijiti chenye unga, akapiga magoti nyuma ya benchi.

— Hili la zahanati ni la aina nyingine, alionya Redio. Mbegu itachanganyika.

— Ichanganyike. Huenda mtoto akalivumilia hili joto kuliko sisi.

Akalipaka ua jike unga ule taratibu, mara tatu. Mkunga alitazama saa yake, kwa mazoea ya kazi.

— Saa nne na dakika kumi, alisema.

Wawili wengine walifika mikono mitupu, wakataka kujua nadharia ya nani imeshinda. Redio akanyoosha kikombe.

— Kahawa imekwisha, alisema Mama Birika. Tumekunywa sisi. Yale pale makopo, bomba mnalijua. Mmea una kiu.

Waliyatazama makopo. Fundi akachukua mawili, Kinyozi mawili. Redio alichagua dogo.