Miaka Ishirini na Sita ya Bi. Anneth Mihayo na Magari ya Zamani

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Bi. Anneth Mihayo anakabidhi ofisi aliyoishika tangu Julai 1999, yaani ukatibu wa Chama cha Wamiliki wa Magari ya Zamani, Ngara na Biharamulo. Ni miaka ishirini na sita kamili. Katika muda huo chama kimebadilisha wenyeviti watano na kuhama ofisi mara tatu, lakini katibu amekuwa mmoja tu.

Bi. Anneth alizaliwa Biharamulo mwaka 1963. Baba yake, Mzee Mihayo, alihamia huko kutoka Shinyanga akiwa dereva wa lori la Bedford la kubebea pamba. Watoto wengine wa Mzee Mihayo walichunga ng'ombe; Anneth alikaa kwenye kiti cha utingo. Anakiri mwenyewe kwamba alijua kubadili tairi kabla ya kujua kusuka nywele. Alipomaliza shule alisomea uhazili, akaajiriwa kupiga chapa katika ofisi moja hapa Ngara, na kila Jumamosi akawa anaonekana gereji, kanga imefungwa juu ya gauni la ofisini na kichwa kiko chini ya boneti la mtu.

Chama kilizaliwa wakati mashirika yaliyohudumia wakimbizi yalipokuwa yakifunga virago na kuuza magari yao kwa bei ya kutupa. Watu saba waliokuwa na magari mazee kuliko hayo waliona ya kwao sasa yataitwa vyuma chakavu. Wakakutana Nyamiaga, mwenyekiti wao akiwa Mwalimu Audax Rwekaza wa Bukiriro, wakaweka sharti kwamba gari liwe limetimiza miaka thelathini na liwe linatembea. Walihitaji mtu wa kuandika muhtasari. Siku ya kwanza Bi. Anneth aliandika muhtasari, akaufunga kwenye faili, kisha akatoka nje kusafisha kabureta ya mwenyekiti.

Vipuri vya magari hayo havipatikani dukani, kwa hiyo alivitafuta majumbani. Huko Bukiriro aliwahi kukuta mlango wa Land Rover aliokuwa akiutafuta kwa mwaka mzima umegeuzwa mlango wa choo. Mwenye nyumba aligoma kuutoa. Wiki iliyofuata Bi. Anneth alirudi na mlango mpya wa mbao pamoja na seremala wa kuufunga, akaondoka na wa kwake. Wanachama walikuwa wakimtania kwamba kila akipita kwenye mstari wa magari anayaamkia shikamoo, kwa sababu mengi yamemzidi umri. Alikuwa anacheka. Baada ya mwaka 2007 utani huo ulikoma, na wasifu huu hauwezi kuuruka mwaka huo. Mwenyewe ameomba usirukwe.

Jumamosi ya pili ya Agosti 2007, magari kumi na tisa yalijipanga Nyamiaga kwa msafara wa kila mwaka kwenda Kabanga, mpakani. Wakati ule ukaguzi ulikuwa wa heshima tu. Katibu alipita, akasalimiana na madereva na kutia sahihi kwenye karatasi ya msafara. Gari la kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya Mwalimu Audax. Bi. Anneth alikanyaga pedali ya breki ikazama mpaka chini. Akaenda nyuma, akapiga magoti, akaona matone ya mafuta ya breki kwenye gurudumu la kushoto.

"Mwalimu, breki hii sijairidhia," alimwambia. "Tuliache gari hapa, upande kwenye Land Rover yangu."

"Anneth, gari hili nimeanza kuliendesha wewe hujaanza shule," Mwalimu alijibu akicheka. "Ukikanyaga mara mbili inashika. Nitakwenda polepole."

Huku nyuma honi zilianza. Aliyeanza kupiga ni mwandishi wa wasifu huu, aliyekuwa kwenye gari la tatu na haraka zake. Bi. Anneth alisimama kidogo. Mbele yake alikuwa mwenyekiti, mzee wa miaka sitini na tisa, aliyewafundisha nusu ya watu waliokuwa pale. Akatia sahihi. Kisha akazunguka upande wa pili wa gari, akamwambia Mama Adelfina, mke wa Mwalimu, "Mama, njoo kwangu kwenye Land Rover tupige soga njiani." Mama Adelfina akashuka.

Katika mteremko mmoja kabla ya kufika Kabanga, Peugeot ilikosa breki. Kule chini, kina mama waliotoka sokoni walikuwa wakivuka barabara na mizigo kichwani. Mwalimu Audax alikata usukani kwa nguvu, akaliingiza gari kwenye ukingo wa udongo. Hakuna mama hata mmoja aliyeguswa. Mwalimu alifariki palepale. Mama Adelfina aliyaona yote kupitia kioo cha Land Rover iliyokuwa ikifuata.

Siku nne baada ya mazishi, Bi. Anneth alikwenda Bukiriro peke yake. Hakuna aliyemtuma. Sisi wengine tulikuwa tumeshakubaliana, bila kuandika popote, kwamba ile ni ajali ya barabarani na mapenzi ya Mungu. Yaliyosemwa siku hiyo tulisimuliwa na Mama Adelfina miaka mingi baadaye.

"Mama, shikamoo," Bi. Anneth alisema. "Nimekuja kukuambia jambo. Asubuhi ile nilijua breki ni mbovu."

"Ulijua."

"Nilijua. Nilimwambia akakataa, na mimi sikuthubutu kumzuia. Nikatia sahihi."

"Ndiyo maana uliniita kwenye gari lako."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hiyo ulinitoa mimi, ukamwacha yeye."

Mama Adelfina aliinuka, akaingia ndani na kufunga mlango. Bi. Anneth alibaki ameketi uani mpaka jua lilipofika utosini, ndipo akaondoka.

Mwezi uliofuata, kwenye mkutano mkuu, alisoma muhtasari aliouandika mwenyewe. Uliandikwa hivi: katibu aliona kasoro ya breki na akaruhusu gari liondoke. Bwana William, aliyekuwa makamu mwenyekiti, alisimama. "Ukiandika hivyo, chama kimekufa," alisema. Bi. Anneth akamjibu kwamba kama ni kufa kife, lakini yeye haandiki uongo. Wanachama kumi na mmoja walijitoa siku hiyohiyo. Aliweka pia mezani barua ya kujiuzulu. Kamati iliikataa, na tuseme ukweli, haikuikataa kwa wema. Hakuna mtu mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Mwandishi huyu alikaa miaka mitatu ndipo akaomba mstari mmoja uongezwe kwenye muhtasari ule, kuhusu honi. Bi. Anneth aliuongeza, akampa asome, akafunga faili.

Mwaka 2008 hatukuwa na msafara. Mwaka 2009 ulirudi ukiwa na utaratibu mpya: hakuna gari litakalotoka mpaka katibu alikague mwenyewe, breki, usukani na tairi, na akisema halitoki, halitoki. Wengi tulidhani atalegea akikutana na mkubwa. Mwaka uliofuata akakutana na baba yake.

Mzee Mihayo alikuwa amenunua lile lori la Bedford alipostaafu. Akiwa na miaka sabini na minne alilitoa Biharamulo mpaka Nyamiaga, ndugu na majirani wamejaa nyuma wanaimba. Bi. Anneth aliingia chini ya lori, akatoka na vumbi mgongoni. Kiungo cha usukani kilikuwa kimelegea.

"Baba, lori halitoki."

"Unanizuia mimi, Anneth? Mbele ya watu?"

"Ndiyo, baba."

Nyimbo zilikatika. Mzee alishuka, akakaa kwenye kivuli cha lori lake, akamgeuzia binti yake mgongo. Kwa miezi mingi hakupokea simu yake. Agosti iliyofuata, mwaka 2011, lori lilikuwa la kwanza kwenye mstari, na mzee alikuwa ameshafungua boneti mwenyewe kabla hajaambiwa. Alifariki mwaka 2016. Bi. Anneth amesema mara moja tu, kwenye gari, kwamba miezi ile ilimchosha kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya.

Mwaka huohuo wa 2011, siku ya msafara, Mama Adelfina alishuka kwenye basi pale Nyamiaga. Hakumsalimia mtu. Alisimama pembeni, mkoba kifuani, akatazama magari ishirini na mawili yakikaguliwa na matatu yakirudishwa, moja likiwa la mheshimiwa aliyezoea kupishwa. Ukaguzi ulipokwisha alimsogelea Bi. Anneth.

"Hiyo pedali," alisema, "unajuaje kwamba ni mbovu?"

Bi. Anneth alimfungulia mlango wa gari lililokuwa karibu, akamketisha kwenye kiti cha dereva. "Kanyaga polepole, Mama. Ikikukatalia, ni nzima. Ikizama, ni mbovu."

Mama Adelfina alikanyaga. Akashuka, akaenda gari la pili, akakanyaga. Alikanyaga yote kumi na tisa yaliyobaki, na msafara ukachelewa kwa saa nzima. Safari hii hakuna aliyepiga honi. Tangu hapo karatasi ya msafara ina sahihi mbili, ya katibu na ya Mama Adelfina. Hatujawahi kusikia neno msamaha likitajwa kati yao, wala hatukuuliza.

Toka mwaka 2009 tumefanya misafara kumi na sita. Magari zaidi ya mia tatu yamekaguliwa, hamsini na mawili yamerudishwa, na hakuna mtu hata mmoja aliyeumia. Leo wanachama ni arobaini na wanne, wakiwemo sita kati ya wale kumi na mmoja waliojitoa. Bwana William ni mmoja wao. Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka huwa wanakuja kutulaki Kabanga na magari yao, na siku hizi nao wanakagua breki kabla ya kutoka kwao.

Bi. Anneth anastaafu kwa sababu magoti yamekataa. Daktari amemkataza kupiga magoti kwenye kokoto, naye amesema hawezi kutia sahihi kwa gari ambalo hakulichungulia chini. Ofisi anamkabidhi Bi. Happyness Kwandu, fundi wa magari kutoka Biharamulo. Bi. Anneth mwenyewe anarudi huko Biharamulo kwenye shamba la mihogo aliloachiwa na baba yake.

Kamati ilipokaa mwezi Mei kupanga sherehe hii ya kumuaga, tulijadiliana nani azungumze kwa niaba ya wanachama. Wengine walimtaja mwenyekiti, wengine mheshimiwa. Mama Adelfina, ambaye sasa ana miaka sabini na tisa na hazungumzi sana vikaoni, aliinua mkono.

"Nitazungumza mimi."

Mwenyekiti alimuuliza kwa upole angependa kusema nini, ili iandikwe kwenye ratiba.

"Nitasema kwamba alikuja kuniambia mwenyewe," alijibu. "Nyinyi wote mlijua njia ya Bukiriro. Alikuja yeye."

Ndivyo ilivyoandikwa kwenye ratiba, baada ya chakula, na hakuna atakayezungumza baada yake.

Bi. Anneth, chama kinakushukuru kwa kila gari ulilolirudisha na kwa kila mtu aliyefika nyumbani akikulaumu. Mungu akupe afya, ayatulize magoti yako, na shamba likulishe vizuri. Karibu Nyamiaga wakati wowote. Kiti chako kipo.

Danstan Bernardo
Mtunza kumbukumbu wa chama